Chui wa Elgon Hathaminiwi kwa Kalamu

4 Agosti 1996, Jinja

Barabara ya Jinja kwenda Mbale ina kona kwa sababu yangu. Wahandisi waliichora imenyooka kama rula, wakaja wakaona alama za matairi yangu zilivyolala, wakaambiana, huyu bwana anaijua ardhi, tumfuate. Hilo halimo katika vitabu vya shule, ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe. Shule niliacha darasa la sita, kwa kuwa mwalimu alikuwa amemaliza alichokuwa nacho.

Mimi ni Yekosofati Wamboga, sajini mstaafu wa magereza, dereva. Nimeendesha wafungwa, nimeendesha wakubwa wa serikali, na wengine niliwaendesha wakiwa vyote viwili kwa nyakati tofauti.

Gari langu ni Datsun 160J, ile ya SSS, rangi ya chungwa. Kabureta mbili. Ndani ina vyuma vya kukinga kichwa, mbele taa nne za ukungu, na mlangoni namba 17 ambayo sikuifuta. Niliinunua kwa Mhindi mmoja wa hapa Jinja ambaye kaka yake alishindana nayo mbio zamani. Nikaipa jina: Chui wa Elgon. Na nimeikatia bima kubwa! Hapa mtaani Walukuba watu hukata ile ndogo ya kumnyamazisha polisi. Mimi kubwa.

Huu ni mwaka wa imbalu, tohara ya kwetu. Mpwa wangu Jude, mtoto wa dada yangu Proscovia wa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, anaingia tohara mwezi wa kumi. Anayetoa fahali ni mjomba. Kwetu Bugisu kijana anaweza kukosa baba na mambo yakaenda, lakini mjomba asiye na fahali heri ajifiche Kenya. Nimeshatangaza: fahali mweusi, mwenye nundu. Pesa ipo. Pensheni iko njiani, imekuwa njiani tangu mwaka juzi.

Kesho tunakwenda Nakaloke nikamwambie Jude kwa mdomo wangu.

5 Agosti

Wamemuua Chui.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Tulikuwa tunapanda kuelekea Magamaga, mimi na Namukose, mke wangu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lami inang'aa kama kiatu cha gwaride. Nilikuwa katika mwendo wangu ule. Mara, paa! Trekta la miwa, na tela lake, limetuingia kwa nyuma. Chui akaruka mtaro, akapiga kichuguu, akageuka hewani mara saba, akalala kwa ubavu. Namukose anasema hakugeuka hata mara moja, aliinama tu kama mtu anayetafuta kitu. Yeye alikuwa amefumba macho. Miwa ikatufunika. Nilitoka bila mkwaruzo, nimeshika muwa mkononi kama fimbo ya ofisa, na umati ukapiga makofi kabla ya kuanza kula.

Dereva wa trekta akaja mbio. "Mzee, nimekupigia honi tangu kule chini!"

"Ulikuwa unanifukuza?"

"Nilikuwa naomba nikupite."

Mtu aliyetoka ajalini huongea chochote. Nimemsamehe.

6 Agosti

Mvua. Mgongo unauma. Mgongo wa mtu mwingine ungevunjika.

12 Agosti

Leo mthamini wa kampuni ya bima amekuja gereji ya Bruhan, ambako Chui amelazwa. Bruhan ndiye fundi wangu, Mwislamu mnyoofu, hapunguzi bei wala haongezi chumvi, jambo linalomfanya asiwe na hadithi. Mthamini anaitwa Bwana Odongo, mrefu, mpole, viatu safi mno kwa mahali pale. Nilidhani ataandika akiwa mbali na grisi. Wapi! Alilala chini ya gari na shati lake jeupe. Akamwomba Bruhan afungue giaboksi. Wakachungulia wote wawili, wakatazamana kama watu waliokuta mayai kichakani.

"Afande," Bruhan akasema, "giaboksi hii nilikuwekea mpya mwaka wa tisini. Gia ya kwanza imekwisha meno. Ya pili imekwisha. Ya tatu ina nafuu. Hii ya nne mbona ni kama imetoka dukani leo?"

"Chuma cha Kijapani," nikamwambia. "Hakichakai."

"Zote ni za Kijapani."

"Hiyo basi ilitengenezwa na mkubwa wao."

Odongo akajifuta mikono polepole. "Mzee, naomba unisaidie. Trekta la miwa liliwezaje kulifikia gari la mashindano?"

"Lilikuwa linateremka, bwana."

"Polisi wameandika mlikuwa mnapanda."

"Trekta ndilo lililokuwa linapanda. Mimi nilikuwa nawaza."

Akaandika. Nilipenda alivyoandika, mkono wa haraka. Huyu ataleta bei ya heshima.

15 Agosti

Pensheni haijafika.

20 Agosti

Laki sita! Wamesema Chui hatengenezeki, mabaki ni mali ya kampuni, nami nipewe laki sita. Hiyo bado si kitu. Wameandika pale kwenye maelezo: gari kuukuu la kawaida. La kawaida!

Namukose alikuwa anamenya matoke. "Fahali ni kiasi gani sasa hivi?"

"Laki tatu, tatu na nusu."

"Basi chukua. Nunua fahali, kinachobaki tuezeke jikoni."

"Mama Annah, wamemwita Chui gari la kawaida! Lina kabureta mbili! Lina namba mlangoni!"

"Fahali hasomi barua."

Huyu mwanamke wa Buwenge hana moyo wa mashine. Nimemweleza kwamba mtu akikubali kuitwa wa kawaida leo, kesho ataitwa wa zamani, keshokutwa marehemu. Nimekataa. Nitapinga thamani yao, na nitaleta mashahidi hadi wapige magoti.

24 Agosti

Siku kubwa! Nimewakusanya mashahidi sita gerejini kwa Bruhan, kila mmoja na soda yake, na mwalimu mstaafu wa kuandika maneno yao kwa Kiingereza. Sikumfundisha mtu. Walinitia machozi.

Wa kwanza, msimamizi wa zamani wa gereza, aliapa kwamba siku moja Iganga alikuwa anamiminiwa chai. Nikatokea, nikapita, nikapotea, na kikombe kilikuwa bado hakijajaa. Muuza chapati akasema mbwa alinibwekea pale Bugembe, na mbweko ule ukanifikia Mbale nikiwa nimeshaegesha gari, nimenawa, naletewa chakula. Huyo mbwa nilikuwa nimemsahau mimi mwenyewe. Wa tatu akasema amenishuhudia nikishindana na wanajeshi wawili wenye pikipiki, na mmoja aliacha jeshi kwa aibu. Kila mmoja alipomaliza, anayefuata alilazimika kumzidi, na mwalimu akalalamika kwamba Kiingereza kimemwishia.

Nikatia sahihi wa kwanza, nao wakafuata. Bruhan peke yake alikataa.

"Mimi nimeifungua hiyo giaboksi, Afande," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nipeni soda tu."

Wivu.

30 Agosti

Mvua ya mawe. Mashahidi wanauliza kama kuna soda nyingine.

9 Septemba

Ushindi!

Barua imetoka Mbale, kwenye ofisi yao ya kanda. Nilifungua mbele ya majirani. Kiingereza chao ni kirefu, lakini mimi nakwenda kwenye kichwa cha habari. Wameandika, kwa mashine kabisa, kwamba kufuatana na ushahidi uliotolewa, kampuni inakubali kuwa gari hili ni gari la mashindano, na kuwa mwenyewe Bwana Y. Wamboga ameliendesha katika mbio. Na mhuri juu yake! Nimeipigilia ukutani juu ya redio. Majirani wamekuja kusoma, wengine kushika tu. Niliwaambia huyo Odongo ni mtu mwenye macho.

Namukose alirudi sokoni jioni. Yeye alifika sekondari. Akasimama mbele ya barua, akasoma, akaichomoa kwenye msumari, akaigeuza.

"Huku nyuma ulisoma?"

"Barua nzuri haina nyuma."

"Hii inayo." Akanisomea. Bima niliyokata ni ya gari la binafsi, la kwendea kanisani na shambani. Gari likiingizwa mbio, bima imekufa. Kwa kuwa nimethibitisha mwenyewe, tena na mashahidi sita, kampuni hainidai chochote na haitanilipa chochote. Na zile laki sita wamezifuta.

Majirani wakakumbuka wameacha vitu jikoni.

10 Septemba

Sijala. Chakula kilikuwepo.

15 Septemba

Jude amekuja kunitangazia. Nilisikia njuga toka barabara kubwa. Kijana amepakwa unga mwili mzima, shanga kifuani, njuga mapajani, vijana wenzake na ngoma nyuma, na Walukuba nzima, hata Wasoga wasiotahiri kwa kisu cha hadhara, wametoka kutazama. Alicheza mbele ya mlango wangu mpaka vumbi likafika madirishani. Anaimba: "Mjomba yuko wapi? Mjomba mwenye chui, anipe fahali!"

Mama yake, dada yangu Proscovia, alikuwa amesimama kando na kanga yake ya safari. Akanivuta nyuma ya nyumba.

"Kaka, niambie sasa hivi, kabla hajamaliza wimbo. Fahali yupo?"

Proscovia ni mjane. Upande wa marehemu mumewe wanasema siku zote kwamba alitoka kwa watu wa maneno matupu. Wamekaa Nakaloke wanaingojea Oktoba ili waone kwa macho. Hakuniomba kitu kingine. Hata kuhusu gari hakuuliza.

Nilirudi mbele, nikapanda juu ya kiti. "Fahali yupo!" nikasema. "Mweusi! Akitembea, ndege wanabadilisha mti! Nundu yake ina kivuli chake peke yake!" Ngoma zikalia, wanawake vigelegele, nami nikacheza na mgongo huu huu.

Kabla hawajaondoka Jude alinikaribia, jasho limechora mistari kwenye unga. "Mjomba, siku yako wewe uliogopa?"

"Kisu ndicho kilichoogopa," nikamwambia.

Alicheka kwa mdomo tu.

16 Septemba

Sina fahali.

18 Septemba

Namukose amesema tunakwenda Mbale.

"Kufanya nini?"

"Kusema ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwani kweli ziko ngapi, Baba Annah?"

24 Septemba, Mbale

Naandika nikiwa kwa Proscovia.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya barabara kubwa. Mji umejaa imbalu, makundi yanapita na ngoma usiku na mchana. Bruhan alikuja nasi kwa kuwa Odongo alimwita. Na kitu cha kwanza nilichokiona mezani kwa Odongo, juu ya gazeti, ni gia ya nne ya Chui. Imekaa pale inang'aa kama kombe.

Odongo hakupandisha sauti. "Afande, watu sita wameandika kwamba unashindana mbio, na sahihi ya kwanza ni yako. Ukisema ni kweli, nafunga faili. Ukisema si kweli, nalifungua upya na kuthamini upya. Lakini lazima useme mwenyewe."

Nikakohoa. Namukose akanitangulia.

"Bwana Odongo, mimi ndiye abiria wake miaka sita. Mwaka jana tulikuwa tunakwenda Buwenge kwa mama. Mtu wa boda boda, ile ya baiskeli, amebeba mwanamke nyuma na mkungu wa matoke mbele, akatupita. Akafika mbele, akageuza, akarudi kutuuliza kama tumeharibikiwa."

Karani aliyekuwa dirishani akaangusha mhuri wake.

"Ilikuwa baiskeli mpya," nikasema.

"Na kuku, bwana! Kuku wa Buwenge hawakimbii wakimwona huyu. Wanatembea. Siku nyingine nilishuka nikanunua nyanya barabarani, nikachagua moja moja, nikabishana bei, nikamfuata kwa miguu, nikaingia tena."

Ofisi nzima ilikuwa inalia kwa kicheko. Hata Bruhan, ambaye hacheki, alikuwa ameinamia kofia yake. Odongo aliuma kalamu. "Afande, haya ni kweli?"

Sasa msomaji anielewe. Kwetu kijana akishatoka na njuga akatangaza, hawezi kuamka asubuhi akasema amebadili mawazo. Watamfuata, hata akikimbilia Nairobi watamrudisha, au kisu kitamkuta huko huko alikojificha. Neno lililochezewa ngoma halirudi. Na mimi nilikuwa nimetangaza mawili. Nilitangaza kwamba mimi ni mtu wa mbio, na nilitangaza kwamba fahali yupo. La kwanza limekaa likilila la pili. Nikirudisha la kwanza, Mbale hii, mji wa baba zangu, itanicheka mpaka kaburini. Nikilishikilia, Jude atasimama uwanjani bila fahali na Proscovia ataambiwa, si tulisema?

Chini barabarani ngoma zilikuwa zinapita. Zilitikisa kioo cha dirisha. Nikasimama. Bruhan anasema nilinyoosha mikono juu kama kijana aliye mbele ya ngariba, mimi sikumbuki.

"Andika," nikasema. "Sijashindana hata siku moja. Wale mashahidi walikunywa soda yangu. Mimi naendesha polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Bwana Odongo, andika tu polepole."

"Na gia ya nne?"

"Siitumii. Kwa heshima ya gari."

Namukose alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Mungu ambariki.

Odongo akaandika. Halafu akaichukua ile gia akaigeuza mkononi, na sura yake ikawa ya mtu mwingine. "Nikiwa shule ya msingi Tororo," akasema, "hii namba 17 ilipita mbele yetu na vumbi lake. Tulikimbia nyuma yake hadi tukaanguka. Nilipoikuta gerejini Jinja nikasema, hili si gari la kawaida. Lakini mkubwa wangu hakutaka kusikia, na wewe, mzee, ukanitumia mbwa wa Bugembe." Akavuta karatasi. Vyuma vya ndani vipo. Kabureta zote mbili zipo. Giaboksi haijapigwa mbio. Rangi ni ile ile. Akafuta neno kawaida, mbele yangu, kwa wino. Akaandika: gari la aina yake, lililotunzwa mno. Na thamani, milioni moja na nusu!

Milioni ni nzuri. Lakini lile "mno"! Nilimwomba alisome tena.

Mabaki ni yao, sheria ni sheria. Nilipoaga, Odongo aliifunga gia ya nne katika gazeti akanipa mkononi. "Hii haijatumika," akasema. "Itakuwa kama mpya hadi ukumbuke kuitumia."

Kwenye ngazi Namukose alicheka peke yake hadi chini. Mimi pia, kidogo.

2 Oktoba, Nakaloke

Pesa imetoka. Fahali amepatikana. Ana weupe kidogo tumboni, maana weusi kabisa wamekwishanunuliwa na wajomba wengine. Nimewaambia wakwe wa Proscovia kwamba ni alama ya ukoo bora. Wamemzunguka mara mbili na hawakupata la kumkosoa.

5 Oktoba

Habari imeshafika kila mahali. Vijana wa Mbale wananiita Afande Polepole. Nimewajibu ni jina la kijeshi.

12 Oktoba, Nakaloke

Amesimama! Amesimama!

Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya paa. Jude aliletwa kutoka kinamasini, amepakwa matope ya jadi mwili mzima, akasimama kwenye mfuko uliotandikwa, fimbo mabegani, uso kwa watu. Fahali wangu amefungwa pale pale aonekane. Ngariba alikuja mbio. Mimi nilikuwa mbele, hatua chache tu. Niliyatazama macho ya Jude: yalikuwa wazi, yamenitazama mimi, hayakupepesa hata mara moja, kisu kikafanya kazi yake na filimbi ya kumaliza ikalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Proscovia alikuja akanishika mikono yote miwili, na wale wakwe zake wakaja nyuma yake kunisalimu kwa adabu, mmoja mmoja.

Jioni nilikwenda kumwona, amelala kwenye majani ya mgomba. "Mjomba," akasema, "niliogopa sana. Ila niliyaacha macho wazi."

Nikamwambia amefanya vizuri. Sikuweza kuongeza kitu, na hilo halijawahi kunitokea.

Gia ya nne iko hapa mezani ninapoandika. Odongo aliamini ni heshima ya gari, na Namukose hatasema, kwa hiyo nasema mimi, na nitaandika mara moja tu. Niliiingiza siku moja, mwaka wa tisini na moja, kwenye ule mteremko baada ya Iganga. Injini ikanyamaza, Chui akaanza kuteleza kana kwamba hatuko naye tena. Jude mbele ya kisu aliyaacha macho wazi. Mimi mbele ya gia ya nne niliyafumba yote mawili, na aliyeshika usukani hadi chini kabisa ni Namukose.